Kusoma anga kwa infraredi: mwongozo kamili wa katalogi za 2MASS na WISE kwa mfano wa Kilimia

Wakulima wa pwani walikuwa na kalenda yao angani. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kilimia ni kundi la nyota linaloitwa Pleiades kwa Kiingereza, na jina lenyewe la Kiswahili linatokana na kulima. Kwa macho matupu utahesabu nyota sita, au saba kama una macho mazuri na mtaa hauna taa. Lakini ukifungua katalogi ya infraredi ya kipande kilekile cha anga, mistari inafika maelfu kwa maelfu. Mingi haina undugu wowote na Kilimia: ni nyota zilizo nyuma yake, ni galaksi za mbali, na mingine si kitu kabisa, ni mng'ao uliojipenyeza ndani ya darubini. Mwongozo huu ni wa kuzichambua hizo mistari moja baada ya nyingine kama mtu anayepeta mchele.

Nachukulia kwamba unajua kutumia jedwali la kompyuta na huogopi logi. Ukifika mwisho utakuwa na orodha yako mwenyewe ya nyota za Kilimia, michoro miwili, na jina la nyota moja iliyozungukwa na vumbi la moto ambayo lazima ijitokeze kwenye orodha yako. Isipojitokeza, kuna mahali umekosea.

Kwanza, tunapima nini?

Nyoosha kiganja juu ya jiko la mkaa ambao bado haujawa mwekundu. Unachokihisi ni infraredi. William Herschel aliigundua mwaka 1800: alipitisha mwanga wa jua kwenye prisimu, akaweka kipimajoto pembeni kidogo ya rangi nyekundu, pale ambapo jicho halioni kitu, na kipimajoto kikapanda.

Kuna kanuni moja ya kuishika. Gawa 2,898 kwa joto la kitu katika Kelvini, na jibu ni urefu wa wimbi, katika maikromita, ambako kitu hicho kinang'aa kuliko kwingine. Jua lina Kelvini kama 5,800, kwa hiyo linang'aa zaidi kwenye maikromita 0.5, yaani mwanga wa kawaida. Mwili wako, Kelvini 310, unang'aa kwenye 9.3. Kibeti kahawia, yaani kitu kilichopungukiwa uzito wa kuwaka kama nyota, cha Kelvini 1,000 kiko kwenye 2.9, na vumbi la Kelvini 130 liko kwenye 22. Zaidi ya hapo, infraredi hupenya vumbi linaloziba mwanga wa kawaida. Basi anga ya infraredi ni anga ya vitu vya baridi na vitu vilivyojificha.

Taabu ni kwamba mvuke wa maji hewani humeza sehemu kubwa ya infraredi, na darubini yenyewe, kwa kuwa ina joto, inang'aa mbele ya macho yake. Ndiyo maana nyingi zilipozwa kwa heliamu au hidrojeni iliyoganda na kurushwa nje ya angahewa.

Darubini ya kupima anga nzima haichagui nyota. Inafagia kama mtu anavyofagia uwanja, mstari kwa mstari, hadi pembe ya mwisho. Baadaye programu inapita kwenye picha zote, na kila doa linalozidi kelele linaandikiwa mstari mmoja: mahali lilipo, mng'ao wake, na alama za ubora. Mstari huo ndio unaoitwa chanzo. Haujaitwa nyota, na kuna sababu. Programu haijui ni nini. Inachosema ni kwamba hapa kuna kitu kilichong'aa, au angalau kilionekana kung'aa.

Katalogi zipo nyingi, chagua kwa swali lako

Watu wa pwani ya Kenya wana haki ya kujidai kidogo kwenye historia ya kufagia anga. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Katalogi yake ya nne ilikuwa na vyanzo 339. Wakati huo hizo zilikuwa nyingi.

Kwa infraredi, mwanzo wa kweli kutoka angani ni IRAS, mradi wa Marekani, Uholanzi na Uingereza wa mwaka 1983. Darubini yake ilikuwa na kioo cha sentimita 57 na ilipima kwenye maikromita 12, 25, 60 na 100. Ilidumu miezi kumi, heliamu ikaisha. Iliacha katalogi yenye vyanzo karibu 246,000. Bado ina kazi, hasa kwenye 60 na 100, lakini macho yake yalikuwa mazito: eneo ambalo IRAS inaliita chanzo kimoja linaweza kumeza nyota kadhaa za katalogi za leo. AKARI ya Japani, iliyorushwa 2006, ilirudia kazi hiyo kwa ukali zaidi. Ikumbuke pale unapohitaji maikromita 9, 18, 65, 90, 140 au 160.

Mbili tutakazozitumia ni hizi.

2MASS ni upimaji wa anga nzima. Ilifanyika ardhini, kuanzia 1997 hadi 2001, kwa darubini mbili pacha za mita 1.3: moja Mount Hopkins kule Arizona, nyingine Cerro Tololo nchini Chile, ili pande zote za anga zionekane. Bendi zake, yaani vipande vya urefu wa wimbi inavyopima, ni tatu: J (maikromita 1.24), H (1.66) na Ks (2.16). Katalogi yake ya vyanzo vya nukta ina mistari 470,992,970.

WISE ni darubini ya angani, ilirushwa Desemba 2009 ikiwa na kioo cha sentimita 40 na bendi nne: W1 (3.4), W2 (4.6), W3 (12) na W4 (22). Hidrojeni yake ilipoisha mwaka 2010 bendi mbili ndefu zilikufa. Ikalazwa 2011, ikaamshwa Desemba 2013 kwa jina la NEOWISE kuwinda asteroidi, ikaendelea na W1 na W2 hadi katikati ya 2024, na Novemba mwaka huo ikaungua ikirudi angahewani. Katalogi yake ya AllWISE ina vyanzo 747,634,026. Ukitaka kwenda chini zaidi kwenye W1 na W2, kuna CatWISE2020 yenye karibu bilioni 1.9.

Gawanya idadi hizo kwa nyuzi za mraba 41,253 za anga nzima. 2MASS inatoa wastani wa vyanzo 11,400 kwa kila nyuzi moja ya mraba, AllWISE 18,100. Kumbuka namba hii ya pili, tutaihitaji.

Hatua ya 1: vyombo

Unahitaji vitu vitatu, vyote vya bure. VizieR ni ghala la katalogi lililoko Strasbourg, Ufaransa, na linafunguka hata kwenye simu. Aladin, ya haohao wa Strasbourg, ni ya kutazama picha za anga. Cha tatu ni TOPCAT, programu ya majedwali iliyoandikwa na Mark Taylor wa Bristol, Uingereza, na inahitaji Java kwenye kompyuta. Ghala rasmi la 2MASS na WISE ni IRSA kule Caltech, Marekani. Huko ndiko kwenye kila kitu pamoja na maelezo marefu ya kila safu, lakini kwa kujifunzia VizieR inatosha.

Usijaribu kupakua katalogi nzima. AllWISE peke yake ni mamia ya gigabaiti, bando litaisha kabla hujafika popote. Unaomba kipande unachokitaka tu.

Hatua ya 2: omba kipande chako

Angani tunatumia RA na Dec, ambazo ni kama longitudo na latitudo. Katikati ya Kilimia ni RA nyuzi 56.75 na Dec nyuzi +24.12. Tutachukua duara lenye nusu kipenyo cha nyuzi 1.5.

Hapa ndipo nilipochekwa. Mara ya kwanza niliandika jina la kundi kwenye ukurasa wa VizieR, nikabonyeza, nikapata mistari 50 kamili. Nikaandika kwenye daftari langu: "Kilimia, vyanzo 50." Siku tatu baadaye nikajaribu kundi jingine. Hamsini. La tatu, hamsini. VizieR, usipoiambia vingine, inakata kwenye mstari wa 50, na duara lake la kawaida ni dakika mbili tu za pembe, yaani sehemu ya thelathini ya nyuzi moja. Ukiona idadi ya duara kabisa kama 50, 2,000 au 10,000, ujue hujapata anga, umepata ukomo.

Kwa hiyo fungua TOPCAT, nenda menyu ya VO, chagua TAP, kisha TAPVizieR, na uandike ombi kwa ADQL, lugha ya kuulizia katalogi:

SELECT "RAJ2000","DEJ2000","2MASS","Jmag","Hmag","Kmag","Qflg","Rflg","Cflg"
FROM "II/246/out"
WHERE 1=CONTAINS(POINT('ICRS',"RAJ2000","DEJ2000"), CIRCLE('ICRS',56.75,24.12,1.5))
AND "Kmag"<14

Alama za kunukuu zinazozunguka majina ya safu si pambo. "2MASS" inaanza na namba, ukiziacha ombi linakataliwa. II/246 ndiyo namba ya 2MASS kwenye ghala. Kwa AllWISE, badilisha jedwali liwe "II/328/allwise", omba safu "AllWISE", "W1mag", "W2mag", "W3mag", "W4mag", "qph", "ccf" na "ex" pamoja na zile mbili za mahali, kisha weka sharti la "W1mag"<14.

Hifadhi majedwali yote mawili kwa muundo wa FITS au VOTable. CSV inafunguka kila mahali, ndiyo, lakini inapoteza vipimo vya safu, na programu nyingine za majedwali hula sifuri za mbele: alama ya 0000 inageuka 0, na hutajua tena ilikuwa inasema nini.

Hatua ya 3: soma mstari mmoja polepole

Tafuta mstari wa Alcyone, nyota angavu kuliko zote za Kilimia. Jina lake kwenye 2MASS ni J03472907+2406184. Jina hilo ni anwani: saa 03, dakika 47, sekunde 29.07 za RA, halafu nyuzi +24, dakika 06, sekunde 18.4 za Dec. Ukiwa na jina la chanzo cha 2MASS unajua kilipo hata bila jedwali.

Sasa tazama mng'ao wake. Magnitudo inahesabiwa kinyume: namba ndogo ni mng'ao mkubwa, na tofauti ya 5 ni mara mia. Alcyone iko chini ya 3 kwenye Ks. 2MASS ilipiga kila kipande kwa picha fupi ya milisekunde 51 na ndefu ya sekunde 1.3, na nyota angavu hivi ilijaza kamera kwenye zote mbili. Programu ikalazimika kukisia mng'ao wa katikati kutokana na mwanga wa pembezoni. Safu ya Rflg ndiyo inayokiri hilo kwa kuandika tarakimu ya 3. Namba 2 ndiyo kipimo cha kawaida kutoka kwenye picha ndefu, na 1 kimetoka kwenye ile fupi. Kwa hiyo nyota mashuhuri kabisa za Kilimia ndizo zenye vipimo vibaya kwenye jedwali lako. Zisikusumbue, ila usijenge hoja juu yake.

Qflg ina herufi tatu, moja kwa kila bendi. A inamaanisha ishara imezidi kelele mara 10 au zaidi, B mara 7, C mara 5. D ni dhaifu, na U si kipimo bali ni kikomo cha juu: kitu hakikuonekana, na namba iliyoandikwa inasema tu kwamba hakiwezi kuwa angavu kuliko hapo. Cflg nayo inasema kama kuna uchafu: 0 ni safi, d ni mstari wa mwanga wa nyota angavu ya jirani, p ni alama iliyobaki kwenye kamera baada ya nyota angavu kupita, c ni kuchanganyika na jirani.

AllWISE ina herufi nne, kwa kuwa bendi ni nne, na hapa kuna mtego ambao nimeona watu wazima wakiuangukia. Herufi ni zilezile, maana si ileile. A ya WISE ni mara 10 kama ya 2MASS, lakini B ni kuanzia mara 3, na C ni mara 2 hadi 3 tu. C ya 2MASS ni ushahidi unaokubalika. C ya WISE ni tetesi. Ukiandika sharti moja la "A, B au C" kwenye katalogi zote mbili, umeingiza takataka upande mmoja bila kujua.

Safu ya ccf ya WISE ina d kwa miiba ya mwanga, p kwa alama iliyobaki, h kwa mzunguko wa mng'ao kandokando ya nyota, na o kwa mzuka wa kioo. Herufi kubwa inamaanisha chanzo chenyewe huenda hakipo kabisa. Herufi ndogo inamaanisha kipo lakini kimechafuliwa.

Na U ya W4 ndiyo iliyonitia aibu ya pili. Niliwahi kukesha nikiamini nimepata nyota kumi na tatu zenye vumbi baridi, kwa sababu safu ya W4mag ilionyesha mng'ao mkubwa kupita kiasi. Zote zilikuwa na U kwenye herufi ya nne. WISE ilikuwa inaniambia "sikuona kitu", nami nikasoma "kuna kitu kingi". Angalia herufi kabla ya namba, kila mara.

Kwenye TOPCAT, tengeneza kikundi cha mistari safi kwa sharti hili:

startsWith(qph,"AA") && startsWith(ccf,"00")

Linadai W1 na W2 ziwe safi, na linaacha W3 na W4 tuzishughulikie baadaye.

Hatua ya 4: kuoanisha majedwali

Sasa tunataka kila nyota ya 2MASS ipate mwenzake wa WISE. Kwenye TOPCAT tumia "Pair Match", chagua "Sky", na weka umbali wa juu. Umbali gani?

Hapa ile namba ya 18,100 inarudi. Nyuzi moja ya mraba ina sekunde za pembe za mraba 12,960,000. Kwa hiyo AllWISE ina wastani wa vyanzo 0.0014 kwa kila sekunde moja ya mraba. Ukiweka duara la sekunde 2, eneo lake ni 12.6, na uwezekano wa mgeni kuangukia humo kwa bahati ni kama asilimia 1.7. Ukiweka sekunde 10 kwa kuogopa kupoteza, eneo linakuwa 314, na uwezekano unapanda hadi asilimia 35. Zaidi ya theluthi ya mahali patupu patapata mwenza bandia. Anza na 2.

Swali la haki ni kama nyota hazijasogea. Kilimia yote inasafiri angani kwa sekunde 0.05 hivi kwa mwaka. Kati ya 2MASS na WISE ni kama miaka kumi, kumi na miwili. Zimesogea sekunde 0.6, bado ziko ndani ya duara. Lakini usibebe 2 kama kanuni ya kila mahali. Nyota ya Barnard husogea zaidi ya sekunde 10 kwa mwaka. Kibeti kahawia WISE 0855−0714, kilicho umbali wa miaka ya nuru kama 7.4 na baridi kiasi cha Kelvini 250, hukimbia sekunde 8 kila mwaka. Vitu vya jirani kabisa na Jua ndivyo vinavyopotea kwenye kuoanisha kwa uvivu, na mara nyingi ndivyo vyenye thamani. Luhman 16, jozi ya vibeti kahawia iliyotangazwa 2013, iko miaka ya nuru 6.5 tu kutoka hapa. Ilikuwa imekaa kwenye picha za zamani miaka mingi, hakuna aliyeunganisha nukta.

AllWISE yenyewe ina safu za J, H na K zilizooanishwa tayari ndani ya sekunde 3. Unaweza kuzitumia ukiwa na haraka. Mimi napendelea kuoanisha mwenyewe walau mara moja, ili nione ni zipi zimekataa.

Hatua ya 5: nani ni wa Kilimia?

Rangi peke yake haikuambii umbali. Hapa tunaazima msaada kutoka Gaia, setilaiti ya Ulaya ambayo si ya infraredi lakini imepima umbali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja. Kwenye TOPCAT, menyu ya VO, tumia "CDS Upload X-Match", chagua Gaia DR3, sekunde 2. Kisha tengeneza kikundi kipya:

Plx>6.5 && Plx<8.3 && abs(pmRA-20)<6 && abs(pmDE+45)<6

Plx ni paralaksi, yaani jinsi nyota inavyoonekana kuyumba Dunia ikizunguka Jua, kwa sehemu za elfu za sekunde. Ya Kilimia ni kama 7.4. Gawa 1,000 kwa 7.4 upate paseki 135, zidisha kwa 3.26, na una miaka ya nuru 440. Hizo mbili nyingine ni mwendo wa kundi kuelekea mashariki na kusini. Maelfu ya mistari itaporomoka hadi mamia. Zilizobaki ndizo Kilimia, ukiondoa wageni wachache.

Vibeti kahawia vya Kilimia vitakuwa havimo, au vichache mno. Teide 1, kilichotangazwa 1995 na kuwa kati ya vibeti kahawia vya kwanza kuthibitishwa popote, kiko ndani ya kundi hili hili, lakini ni hafifu kuliko mpaka tuliojiwekea wa 14. Kuwinda vya aina yake kunahitaji upimaji wa kina zaidi kama UKIDSS wa Hawaii, ambao ulipitia Kilimia kwa makusudi.

Hatua ya 6: michoro miwili

Wa kwanza: J−Ks kwenye mhimili wa chini, Ks kwenye mhimili wa wima, na uugeuze wima ili namba ndogo iwe juu. Nyota za kundi zitajipanga kama mkufu, angavu na za moto juu kushoto, hafifu na baridi chini kulia. Juu ya mkufu kidogo utaona mstari wa pili unaoufuata sambamba. Hizo ni nyota pacha ambazo darubini imeziona kama moja. Mbili zinazolingana zikijumlishwa huongeza mng'ao kwa magnitudo 0.75.

Wa pili ndio wenye utamu: Ks−W3 upande mmoja, Ks upande mwingine, kwa nyota ambazo herufi ya tatu ya qph ni A au B. Nyota ya kawaida isiyo na vumbi hukaa karibu na sifuri, kwa kuwa katalogi zote mbili zimepimwa kwa mizani ya Vega, ambayo nyota Vega ndiyo sifuri yake. Inayosimama mbali kulia ina joto la ziada kwenye maikromita 12, yaani kitu vuguvugu kinaizunguka. Natumia Ks badala ya W1 kwa makusudi: WISE inaanza kujaa kwenye W1 kwa nyota angavu kuliko magnitudo 8.

Tafuta HD 23514. Ni nyota inayofanana na Jua, moto kidogo kuliko Jua, iko kusini mwa katikati ya kundi kwa nyuzi kama 1.2. Ndiyo sababu nilichukua duara la 1.5. Ina vumbi la moto jingi kiasi kwamba watafiti walipendekeza ni mabaki ya miili mikubwa, ya aina inayojenga sayari, iliyogongana. Kwenye mchoro wako itakuwa imejitenga na kundi kama mgeni wa harusi aliyekosea ukumbi. Haipo? Rudi kwenye nusu kipenyo, au umechuja kwa ukali mno.

Hatua ya 7: tazama picha kabla hujaamini

Utapata nyingine zilizosimama kulia, na hapa Kilimia ina hila yake. Kundi linapita katikati ya wingu la vumbi ambalo halikuzaliwa nalo. Fungua Aladin, ruka hadi kwenye nyota Merope, na washa picha za AllWISE: wingu linawaka pande zote, nyuzi za vumbi zimeizunguka. Nyota yoyote iliyokaa ndani ya wingu hilo itaonekana ina W3 na W4 kubwa, na mng'ao huo si wake.

Kwa kila nyota unayoitilia shaka, weka picha ya 2MASS na ya WISE zibadilishane mahali palepale. Jiulize maswali haya. Je, mng'ao wa W3 ni nukta iliyokaa juu ya nyota, au ni ukungu unaopita? Kuna nyota nyingine ndani ya sekunde 6? Hiyo ndiyo ncha ya macho ya WISE kwenye W1. Kwenye W4 ni sekunde 12, mara mbili yake. Safu ya ex ni zaidi ya 0? Basi chanzo hakikufanana na nukta. Mwisho, andika mahali hapo kwenye Simbad, daftari la majina ya vitu vya angani la haohao wa Strasbourg, uone kama chanzo kina jina tayari. Mara nyingi kinalo.

Nje ya Kilimia kuna kipimo kingine cha haraka: W1−W2 ya 0.8 au zaidi, kwa kitu angavu kuliko 15 kwenye W2, mara nyingi ni galaksi yenye shimo jeusi linalokula. Kwa nyota za kawaida tofauti hiyo iko karibu na sifuri. Kwa hiyo ukikuta chanzo cha 1.0 nyuma ya Kilimia ambacho Gaia haikipi mwendo wowote, huyo si ndugu wa kundi. Yuko mbali sana huko nyuma.

Hatua ya 8: badilisha namba, hifadhi ombi

Ukitaka kuchora mng'ao kwa bendi zote pamoja, magnitudo hazifai, geuza ziwe Jansky, kipimo cha kiasi cha mng'ao unaotufikia. Kwa Ks, mng'ao wa sifuri ni Jansky 666.7, na unazidisha kwa 10 iliyopandishwa kwenye kipeo cha −m/2.5. Nyota ya Ks 10 inatoa 0.0667. J inaanza na 1,594 na H na 1,024. Ukiichanganya na katalogi inayotumia AB, mizani nyingine ya magnitudo yenye sifuri tofauti na ya Vega, bila kubadilisha, kosa kwenye W1 ni magnitudo 2.7, karibu mara 12. Nyota yako itaonekana ina kilima mahali ambapo hakipo.

Hifadhi ombi la ADQL kwenye faili la maandishi pamoja na tarehe, nusu kipenyo na masharti yote uliyoweka, kisha hifadhi jedwali kabla ya kuchuja na jedwali baada ya kuchuja. Hilo la kwanza ndilo utakalolitaka siku mtu akikuuliza kwa nini nyota fulani haimo.

Ukishaimaliza Kilimia, kwenye IRSA kuna vipimo vya NEOWISE vya kila picha moja moja, ambavyo vinarudi kwenye mahali palepale takriban kila miezi sita kwa zaidi ya miaka kumi. Weka mahali pa HD 23514 uone kama vumbi lake linabadilika. Kuna pia SPHEREx, iliyorushwa Machi 2025, inayofagia anga nzima kwa rangi 102 kati ya maikromita 0.75 na 5, na data yake inamwagwa kwenye ghala lilelile la IRSA.

Asiye na kompyuta anaweza kuanza na Backyard Worlds, mradi wa tangu 2017 ambako watu wa kawaida hutazama picha za WISE zikipishana na kubonyeza kinachosogea. Unafanyika kwenye kivinjari cha simu, na hauhitaji ADQL hata mstari mmoja.